Deni Linalovuka Mwaka

Sabato ya mwisho ya robo ya nne ina shughuli zake. Katibu wa Shule ya Sabato anasoma taarifa ya mwaka mzima, darasa lililoongoza kwa mahudhurio linatajwa na kanisa linaitikia Amina, Sadaka ya Sabato ya Kumi na Tatu inakusanywa. Mchana unatengwa kwa shuhuda. Mmoja anashukuru kwa kupona, mwingine kwa mtoto aliyefaulu mtihani, mwingine kwa nyumba iliyokamilika. Jioni, Sabato ikiisha, baraza la kanisa linaketi na kalenda: juma la maombi, makambi, mikutano ya injili, siku ya Watafuta Njia. Majumbani nako madaftari yanafunguliwa. Karo ya Januari, mbegu, bati, mahari. Yote haya ni mema. Yesu mwenyewe alimtaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, wala hakumlaumu (Luka 14:28–30).

Chukulia, basi, mzee wa kanisa mmoja ambaye mwezi wa pili aliezeka nyumba yake. Walipatana na fundi shilingi 240,000 za kazi. Fundi alimaliza kwa siku tisa, akapewa 150,000, na zile 90,000 zilizobaki akaahidiwa baada ya mavuno. Mavuno yakaja, lakini na karo ikaja. Fundi akapiga simu mara ya kwanza akajibiwa vizuri. Mara ya pili akaambiwa asubiri. Mara ya tatu simu haikupokelewa. Hakupiga tena. Sasa ni Desemba. Katika daftari la mzee imeandikwa: kulima ekari tatu badala ya mbili, kuanza kufuga kuku wa mayai, na kutoa ahadi ya 300,000 kwa ajili ya jengo la kanisa. Sabato ya mwisho alisimama akamshukuru Mungu kwa kumwezesha kuhamia nyumba mpya. Katika ushuhuda wake hapakuwa na neno hata moja la uongo.

Je, mtu huyu amekwisha kuutafakari mwaka wake? Na je, yuko tayari kuupanga mwingine?

Swali linaonekana jepesi hadi mtu ajaribu kulijibu mbele ya darasa. Wengi watasema haraka kwamba alipe deni, na mjadala uishie hapo. Lakini mzee naye ana majibu yake, na majibu hayo yana mafungu ya Biblia. Atasema kwamba alikwisha kutubu. Atasema kwamba Mungu hutupa dhambi katika vilindi vya bahari (Mika 7:19). Atasema kwamba Paulo aliyasahau yaliyo nyuma. Hapo ndipo swali lenyewe linapoonekana: Mungu akiusamehe mwaka wa mtu, je, kuna chochote cha mwaka huo kinachobaki kulipwa?

Tuanze na ushuhuda wake. Makanisa mengi hufunga mwaka kwa habari ya jiwe la Ebenezeri, na ni desturi njema. Ila fungu la 1 Samweli 7:12 husomwa peke yake mara nyingi mno. Soma sura ya 4 ya kitabu hicho hicho. Jina la Ebenezeri linatajwa kwanza pale Israeli walipopanga hema kwenda vitani, wakashindwa mara mbili; mara ya pili walianguka askari 30,000, wana wa Eli wakafa, na sanduku la agano likatekwa. Miaka 20 ilipita tangu sanduku lilipofika Kiriath-yearimu hadi siku ya Mispa. Katika siku hiyo watu waliondoa miungu migeni, wakafunga, wakamimina maji mbele za Bwana, wakasema wazi kwamba wametenda dhambi. Ndipo Samweli akasimamisha jiwe, na jina alilolipa ni lile lile walilokuwa wamelibeba tangu siku ya aibu yao.

Angeweza kulipa jiwe lile jina jipya kabisa. Kwa kutumia lile la zamani, aliwafanya Israeli wasiweze kushukuru kwa ushindi bila kukumbuka kushindwa kwao, na chanzo cha kushindwa huko. Ushuhuda wa mzee wetu ulikuwa na jiwe lakini haukuwa na sura ya 4. Nyumba ilitajwa, fundi hakutajwa. Labda shuhuda za kufunga mwaka zingekuwa fupi zaidi, na kweli zaidi, kama kila mmoja angejiuliza kabla ya kusimama: ni nani asiyeweza kuitikia Amina kwa neno hili nitakalosema?

Sasa hoja ya msamaha. Soma Walawi 6:1–7. Mtu amemdhulumu jirani yake, au amezuia amana, au ameokota kilichopotea akakana. Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba kosa lililofanywa kwa jirani linaitwa kosa juu ya Bwana. Jambo la pili ni utaratibu. Mkosaji analipa mali yenyewe kamili, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe, katika siku ile ile ya sadaka yake ya hatia. Kisha kondoo dume anakwenda kwa kuhani, na upatanisho unafanyika. Hakuna mahali ambapo kondoo anachukua nafasi ya yale malipo, wala mahali ambapo malipo yanachukua nafasi ya kondoo. Kwa mzee wetu hesabu ni rahisi: 90,000 na sehemu ya tano, yaani 18,000, jumla 108,000. Na ujira wa kibarua ulikuwa na sheria yake kali zaidi, kwa sababu haukuruhusiwa kulala kwa mwajiri hata usiku mmoja (Walawi 19:13; Kumbukumbu la Torati 24:14, 15). Huu umelala miezi kumi.

Hapa yapasa kuwa waangalifu, maana kosa la upande wa pili liko karibu. Kulipa hakununui msamaha. Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajataja mara nne wala nusu ya mali yake (Luka 19:1–10). Neema ilitangulia. Lakini tazama ilipokwisha kuingia ilifanya nini: ilimfanya mtoza ushuru asimame mbele ya watu na kutaja hesabu. Msamaha wa Mungu humwondolea mdeni hukumu. Haumhamishii mdeni fedha za fundi. Mungu anaweza kuitupa dhambi ya mzee baharini, na bado watoto wa fundi hawajapata sare za shule. Kutumia rehema ya Mungu ili kumfungia mlango mtu ambaye rehema hiyo ilitakiwa kumfikia ni kuifanya neema kuwa mshirika wa dhuluma.

Walimu wa Kiyahudi waliliona jambo hili. Katika Mishna, iliyokusanywa kama mwaka 200 baada ya Kristo, katika sehemu inayohusu Siku ya Upatanisho, wanafundisha kwamba siku hiyo husafisha makosa kati ya mtu na Mungu, lakini makosa kati ya mtu na mwenzake haiyasafishi mpaka amtulize mwenzake. Hawakuwa wanabuni jipya. Yesu alikuwa amekwisha kusema juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake (Mathayo 5:23, 24). Mtu huyo haambiwi aimalizie sadaka kwanza kwa kuwa amekwisha kufika.

Na Paulo je? Wafilipi 3:13 ni fungu la Januari. Linaandikwa kwenye kadi na kwenye kuta za kanisa. Lakini msomaji aanze fungu la 4. Yale ambayo Paulo anayaacha nyuma ameyataja mwenyewe: kutahiriwa siku ya nane, kabila ya Benyamini, Ufarisayo, haki ya sheria isiyo na lawama. Hiyo ni orodha ya sifa. Katika fungu la 7 anaiita faida. Paulo alisahau mambo ambayo wengi wetu tungeyaweka kwenye taarifa ya mwaka. Makosa yake hakuyasahau hata uzeeni. Anayataja kwa Wakorintho (1 Wakorintho 15:9) na kwa Timotheo (1 Timotheo 1:13) kwa majina yake. Na deni la mtu mwingine, la Onesimo kwa Filemoni, aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalilipa (Filemoni 18, 19). Mtu wa namna hii si shahidi mzuri kwa anayetaka kusahau 90,000.

Fungu linalowahusu wanaopanga mwaka kwa karibu zaidi ni Yakobo 4:13–17. Wafanyabiashara wanasema wataingia mji fulani, watakaa mwaka mzima, watafanya biashara na kupata faida. Yakobo anawakumbusha kwamba uhai wao ni mvuke. Kwa kawaida somo huishia kwenye kusema «Bwana akipenda», nasi tumejifunza kulisema vizuri sana, hata katika matangazo ya mikutano. Lakini Yakobo hakuishia hapo. Fungu la 17 linasema juu ya mtu anayejua jema la kutenda asilitende. Kwa nini limewekwa mwishoni mwa habari za mipango? Wengi hulisoma kama mithali iliyodondoka hapo bila sababu. Endelea kusoma hadi 5:4, nawe utaukuta ujira wa wavunaji, uliozuiliwa, ukipiga kelele.

Kwa hiyo Yakobo hawalaumu watu hawa kwa kuwa na mpango. Anawalaumu kwa sababu katika mpango wao wa mwaka kuna mji, kuna muda, kuna faida, na hakuna lile jema wanalolijua tayari. Kusema «Bwana akipenda» juu ya ekari ya tatu, wakati mapenzi ya Bwana juu ya 90,000 yanajulikana tangu mavuno, ni kumwomba Mungu afunue zaidi kabla ya kutii aliyokwisha kuyafunua. Mengi ya mwaka ujao hatuyajui. Lakini ukurasa wa kwanza wa mwaka huo umekwisha kuandikwa na mwaka uliopita, na hauhitaji maombi ya kufunga ili usomeke.

Waadventista wana kumbukumbu yao wenyewe katika jambo hili, na inashangaza kwamba haitajwi mwisho wa mwaka. William Miller alitazamia kwamba Kristo angerudi kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844. Mwaka huo ulipokwisha bila Bwana kuja, Miller hakujificha. Alikiri hadharani kwamba amekosea. Baadaye, katika kiangazi cha 1844, waumini wakaufikia mkataa wa Oktoba 22, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho kwa hesabu waliyoifuata. Majuma yale ya mwisho walifanya nini? Baadhi waliacha mazao shambani. Maduka mengine yalifungwa. Na watu walikwenda kwa majirani zao kuungama makosa, kurudisha vya watu, na kulipa madeni. Hawakupanga mwaka uliofuata, kwa kuwa hawakutarajia kuuona.

Tunajua yaliyofuata. Jumanne ile ilipita. Jumatano asubuhi walikuwa na huzuni isiyoelezeka, majira ya baridi mbele yao, na dhihaka za mji mzima. Kuhusu tukio la siku ile walikuwa wamekosea. Lakini hakuna jirani aliyelazimika kurudisha fedha alizolipwa, wala aliyeombwa msamaha bure. Yale waliyoyatenda kwa sababu walidhani hakuna kesho yalibaki kuwa mema hata kesho ilipokuja. Ni vigumu kusema vivyo hivyo juu ya mipango yetu mingi.

Yuko atakayeuliza: basi, anayeamini kwamba Kristo yu karibu kurudi apange nini tena? Jibu liko mikononi mwa msomaji huyu. Mwaka 1852, miaka minane tu baada ya kukata tamaa kule, James White alikuwa safarini kwa gari la farasi kutoka Rochester, akiamini kwa moyo wote kwamba Bwana yu karibu. Farasi aliposimamishwa ale, yeye aliandika, mara nyingine juu ya kasha la chakula, mara nyingine juu ya kofia yake. Alichokuwa akiandika ni masomo ya Shule ya Sabato kwa ajili ya vijana, ya kutolewa katika Youth's Instructor, gazeti lililoanza mwaka ule. Mtu anayengoja mbingu alikaa kando ya barabara akipanga watoto wajifunze nini majuma yajayo. Kupanga si kukosa imani. Ila yafaa kukumbuka kwamba watu waliopanga masomo haya ya kwanza walitoka katika kizazi kilichokwisha kupita kwa majirani kulipa.

Utaratibu huo huo umo katika kalenda ya Israeli. Mwaka wa yubile, mwaka wa kila mtu kuirudia milki yake, baragumu yake haikupigwa siku ya kwanza ya mwaka. Ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, siku ya kujitesa nafsi na ya upatanisho (Walawi 25:9, 10). Ukombozi ulitangazwa mahali pa hesabu, na mara moja ukagusa ardhi, madeni na watumwa. Kanisa linalofundisha kwamba Kristo anahudumu sasa katika patakatifu pa mbinguni, katika Siku kuu ya Upatanisho, lingetarajiwa kuwa kanisa ambalo mafundi hawalidai.

Si kila deni ni la fedha, na hapa jambo linakuwa zito. Mzee wetu ana bahati kwamba deni lake lina tarakimu. Vipi dada aliyetamka neno katika baraza la kanisa mwezi wa sita, neno la nusu ukweli, na kwa neno hilo mwenzake akaondolewa kwenye uongozi wa Dorkas? Sehemu ya tano ya jina la mtu ni kiasi gani? Ellen G. White, katika kitabu cha mwaka 1892 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Njia Salama, anafundisha kwamba ungamo la kweli hutaja dhambi zenyewe hasa, na kwamba kosa lililofanywa hadharani liungamwe hadharani vivyo hivyo. Neno lililosemwa mbele ya watu kumi na wawili halirekebishwi kwa kunong'ona kwa mtu mmoja langoni. Kwa upande mwingine, jambo lililojulikana na wawili halina haja ya kupelekwa kwenye kipaza sauti. Yapo maungamo yanayomwumiza aliyeumizwa mara ya pili.

Kila robo kanisa huwapa washiriki nafasi ya jambo hili, katika huduma ya kutawadhana miguu. Inasikitisha jinsi nafasi hiyo inavyopita. Kila mtu anamtafuta rafiki yake, yule aliyeketi naye, yule ambaye hana neno naye. Maji ni ya moto kiasi, taulo ni safi, wimbo unaimbwa, na wale wawili ambao beseni lilikuwa lao wako pembe mbili za chumba.

Vipi kama mwenye kudai hapatikani tena? Sheria ya Musa ililifikiria hata hilo. Kama aliyekosewa hayupo wala hana jamaa wa karibu wa kupokea, malipo yalikwenda kwa Bwana, kwa ajili ya kuhani (Hesabu 5:5–8). Mahali pekee ambapo fedha hizo hazikuruhusiwa kubaki ni mfukoni mwa mdeni. Lakini tuseme kweli: hayo yaliandikwa kwa ajili ya asiyepatikana baada ya kutafutwa. Fundi wetu anakaa ng'ambo ya mto, na namba yake bado imo kwenye simu ya mzee.

Katika Luka 13:6–9 mtini umekaa miaka mitatu bila tunda, na mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anauombea mwaka mmoja. Hauombei mti mpya, wala shamba lingine. Anaahidi kuchimba kuuzunguka ule ule, pale pale uliposhindwa kuzaa. Mwaka mpya unaotolewa kwa rehema una jembe ndani yake, na jembe linaanzia kwenye mizizi ya zamani.

Basi darasa limrudie mzee wa kanisa, na lisikimbilie jibu. Mpaka mwisho wa Januari atakuwa na shilingi 200,000 za kutoa, hazizidi. Ahadi yake ya 300,000 kwa jengo ilitangazwa mbele ya kanisa zima, na Mhubiri 5:4, 5 inasema wazi juu ya anayeweka nadhiri asiiondoe. Deni la fundi linajulikana na watu wawili tu, na fundi si mshiriki wa kanisa hili. Kila Sabato anapita nje akienda zake, anasikia kwaya. Soma tena Marko 7:9–13 kabla ya kujibu. Aanze na lipi? Atamwambia nini mhazini? Na akifika ng'ambo ya mto na 108,000 mkononi, fundi akamwuliza kwa nini leo, amjibu nini?